Siti Iliyopimwa kwa Mguu wa Bwana Stoo

"Hata mimi nina watoto sita, mama, na baiskeli napanda kila siku."

Hayo ndiyo maneno yaliyonimaliza. Aliyeyasema ni mtunza vifaa wa idara yetu pale Nachingwea, ambaye sote tulimwita Bwana Stoo. Ilikuwa asubuhi, nimetoka arobaini, mwanangu Agnesi yuko mgongoni, nami nimekuja kuchukua baiskeli yangu ya kazi nirudi nayo Ruangwa kwenye kituo cha uzazi. Nilikuwa nimeomba kitu kimoja tu, spana.

Baiskeli niliikuta imeegemezwa ukutani, siti imenyanyuliwa hadi inanifikia mbavuni. Nati ya kuikazia ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, nzito, kama uji. Nikauliza rangi hiyo ya nini.

"Ya ulinzi," akasema. "Siti zote sasa zina kipimo kimoja. Atakayelegeza nati, rangi itapasuka, na mimi nitajua."

"Kipimo cha nani?"

Akautoa mguu wake chini ya meza, akaupiga kofi pajani kama mtu anayeuza ng'ombe. "Cha huu hapa."

Bwana Stoo ni mrefu wa kuinama akiingia mlangoni. Nikamwambia kwa siti hiyo miguu yangu haifiki chini. Nikamwambia nimejifungua juzi, nimeshonwa, na kama anataka kujua nimeshonwa wapi nitamweleza hapo hapo, wote waliomo ofisini wasikie. Ndipo akaniletea hao watoto wake sita. Waliokuwapo wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama nyuma yake, juu ya kabati, mahali anapoweka mtungi wake wa maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa umekalishwa vizuri juu ya ngata nyekundu, na ngata ile naijua. Nikafungua mdomo nimwambie, halafu nikaufunga. Nilichukua spana mwenyewe mezani kwake, nikalegeza nati, rangi ikapasuka na kumwagika vipande vipande sakafuni, nikaishusha siti hadi mahali pake. Kisha nikamrudishia spana yake na kumwambia kazi nimeacha.

Sasa nikisema nimestaafu watu wananicheka. Wanasema kustaafu ni kwa wenye mvi, na wewe unanyonyesha. Sawa. Nywele zangu hazijastaafu. Kilichostaafu ni kile nilichokalia miaka yote hiyo. Na kwa kuwa nasikia wanakuja wasichana wapya kutoka mafunzoni, nao watapewa baiskeli zile zile, nawaandikia ninyi, dada zangu, mambo ambayo mimi hakuna aliyenieleza. Mshahara na vyeo mtaviuliza wenyewe. Mimi nitawaeleza siti.

Nilipoajiriwa nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mafunzo ya ukunga, nikajiona msomi. Nachingwea ilikuwa bado imejaa masalia ya mradi wa karanga: matrekta yamelala nyasini, nyumba za mabati tupu, barabara pana zisizokwenda kwa mtu. Baiskeli zetu nazo zilikuwa masalia ya huko huko. Zilikuwa za wanaume waliokuwa wakikagua mashamba, zenye lile bomba la juu linalotoka kwenye siti kwenda kwenye usukani, na siti nyembamba ya ngozi, ngumu kama kwato. Nikakabidhiwa moja na kuambiwa, "Haya, nesi, kazi njema." Hakuna aliyeuliza kama najua kupanda.

Nilijifunzia kwenye barabara mojawapo ya mashamba yale, mchana, kwa hiyo kila aliyekuwa na macho alinitazama. Gauni la kazi lilikuwa jeupe na la kubana magotini. Ukitaka kuvuka lile bomba ni lazima unyanyue mguu juu, na ukinyanyua mguu, gauni nalo linapanda. Wanaume waliokuwa wakipalilia wakaacha majembe. "Nesi, shika hatamu!" wakanipigia kelele. "Punda atakutupa!" Jioni yake nilikata kitambaa cha marekani, nikajishonea suruali fupi ya kuvaa ndani ya gauni. Jumapili iliyofuata akina mama wa parokia walikuwa wanajua habari za suruali ile kuliko mimi niliyeishona. Mmoja akanivuta pembeni akaniuliza kama nimeacha dini. Nikamwambia nimeanza baiskeli. Shoneni suruali, dada zangu. Shoneni mbili, moja ikiwa kambani.

Nikahamishiwa Ruangwa, na vijiji vyangu vikawa Nkowe, Mandawa na vitongoji vya katikati. Njia za huko mtaziona wenyewe: hapa mchanga unaomeza gurudumu, pale udongo mweusi wa bondeni unaoganda mvua ikinyesha, kisha mizizi ya mikorosho. Siti yangu ilikuwa juu mno, pua yake imeelekea mbinguni. Kila nikikanyaga pedeli nyonga zilipinda upande huu na upande ule, na ile pua ikanichoma mahali ambapo mwanamke hapaswi kuchomwa na mali ya idara. Nilipopeleka habari Nachingwea nikajibiwa kwa mdomo wa dereva wa lori: "Bwana Stoo anasema nesi ajizoeze, na mali ya idara isichezewe." Nikajizoeza. Huo ndio ujinga tuliofundishwa wanawake, kwamba kila kinachouma ni mazoezi.

Mazoezi hayo yaliishia Nkowe. Mume wa mwanamke mmoja aitwaye Zuhura alinifuata Ruangwa kulipokucha, akasema mkewe ameshikwa na uchungu na mtoto ametanguliza mguu. Siku iliyopita nilikuwa nimetoka Mandawa. Ngozi yangu ilikuwa imechubuka, imevimba, natembea nimetanua miguu. Nikapanda, nikakaa, nikashuka. Nikapanda tena. Nilisafiri hivyo, kipande nimesimama juu ya pedeli, kipande nasukuma baiskeli mchangani kama mtu anayempeleka mgonjwa, mpaka mume wa Zuhura akachoka kuningoja, akatangulia kwa miguu. Elewa hapo: mtu wa miguu alinitangulia mimi mwenye baiskeli.

Nilipofika, mtoto alikuwa ameshafungwa kitambaa cheupe. Alikuwa wa kiume. Mama yake Zuhura, Bibi Mwanaidi, alikuwa amekaa mlangoni.

"Umechelewa, nesi," akasema. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Najua kugeuza mtoto wa namna ile. Nimefundishwa, na nimewahi kufanya. Nilikuwa na mikono inayojua kazi, ila ilifika mtoto akiwa ameshakufa, kwa sababu ya kipande cha ngozi na nati moja. Tangu siku ile mtu akiniambia habari ya siti ni jambo dogo, namwonyesha njia ya Nkowe.

Niliporudi Ruangwa nikaipeleka baiskeli moja kwa moja kwa Fundi Bakari, aliyekuwa akitengenezea baiskeli kwenye kibanda karibu na soko. Akaitazama, akaniuliza, "Nani alikuwekea hivi? Mlingoti wa bendera?" Nikamwambia mali ya idara haichezewi. Akasema, "Mama, mimi sichezi. Panda."

Sasa Fundi Bakari ni mtu wa adabu zake. Mwanamke kapanda baiskeli mbele yake, atazame vipi? Akaishika baiskeli kwa nyuma isianguke, akageuza uso akawa anatazama sokoni, na kipimo chote tukakifanya kwa maneno.

"Kisigino kiko kwenye pedeli ya chini?"

"Hakifiki."

Nashuka, analegeza, anashusha, anakaza. Napanda.

"Sasa?"

"Kinagusa, lakini najinyonga kiunoni."

"Bado hiyo." Anashusha tena. "Sasa?"

"Kimefika. Goti limenyooka. Kiuno kimetulia."

"Basi hapo ndipo kwako. Weka alama, usikubali mtu apaguse."

Hicho ndicho kipimo, dada zangu. Kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu umenyooka, kiuno hakilali upande. Mkianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo lenyewe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Pua ya siti iwe sawasawa na ardhi. Ikiinuka itakuchoma, na ikiinama utateleza mbele na kujishikilia kwa viganja mpaka vife ganzi, halafu ufike kwa mzazi huwezi hata kukaza uzi wa kitovu. Anayekaa wima, kama tunavyokaa sisi wenye gauni, anahitaji siti pana yenye springi nyuma. Zile nyembamba ni za watu wanaoinama na kukimbia, na sisi hatushindani na mtu. Siti yangu pana Fundi Bakari aliitoa kwenye baiskeli kuukuu ya katekista mmoja aliyekuwa mnene. Ngozi yake tuliipaka mafuta ya nyonyo, chini yake tu na kidogo tu, maana ukipaka nyingi italegea katikati kama machela. Mvua ikinyesha ifunike. Ikilowa usiikalie mpaka ikauke kivulini, la sivyo itashika umbo baya na haitaliacha.

Hayo yalinipunguzia nusu ya maumivu. Nusu iliyobaki aliiondoa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mhudumu wa kituo chetu, mkunga wa jadi kabla mimi sijazaliwa, na kijijini kwake ni nyakanga, yule mama mkuu anayesimamia wasichana unyagoni. Asubuhi moja aliniona nikitoka chumba cha sindano kwenda kisimani, akaweka beseni chini.

"Mwanangu, mbona unatembea kama mwali wa jana?"

"Siti, Bi Somoe."

"Siti imekufanya nini?"

Nikamweleza, na nikamweleza wazi, maana kwa mtu kama yule hakuna neno la kuficha. Akasikiliza. Akauliza inauma pembeni, kwenye mifupa, au katikati. Nikasema mifupa inavumilia, katikati ndipo motoni. Akaitwaa ngata yake ya kichwani, ile anayowekea ndoo, akanipitisha kidole kwenye tundu lake.

"Mimi nabeba maji tangu nikiwa mtoto na utosi wangu mzima," akasema. "Unajua kwa nini? Mzigo unakaa huku pembeni, hapa katikati hapana kitu. Ngoja nikushonee ya huko kwako."

Akanishonea kwa kanga yake nyekundu iliyochakaa. Hakuifanya mviringo. Aliirefusha kama yai, akajaza sufi, akaacha tundu refu katikati, na kwa chini akaweka mikanda ya mpira wa tyubu kuukuu ya kuifungia kwenye siti. Nilipoikalia mara ya kwanza nilishuka nikamkumbatia. "Niache," akasema, "unanuka mafuta ya cheni."

Mwaka uliofuata Zuhura wa Nkowe alikuwa na mimba nyingine. Mume wake akaja tena kulipokucha, tena anatweta, akanitazama kwa jicho la shaka, wala sikumlaumu. Safari hii nilimwacha njiani. Nilifika kabla ya jua kali, nikaifungua ngata yangu mbuzi wasiitafune, nikaiweka juu ya usukani, nikaingia ndani nikitembea kama binadamu. Mtoto huyu naye alikuwa amekaa vibaya. Nilifanya kazi yangu. Ilikuwa kazi ndefu, na mara mbili nilidhani atanishinda. Hakunishinda. Akatoka msichana, wa bluu kidogo, nikampiga kofi, akanitukana kwa lugha yake, nyumba nzima ikapiga vigelegele.

Tukiwa tumekaa, Bibi Mwanaidi akaleta ngata nyekundu mkononi.

"Nesi, nimeazima ngata yako hapo nje. Maji yote haya nimechotea hii. Laini! Kichwa hakijui kama kimebeba. Nani kakushonea?"

"Bibi," nikasema, "hiyo ni ya siti."

"Siti gani?"

"Ya baiskeli. Naikalia."

Akaitazama ngata. Akanitazama usoni, halafu akateremsha macho polepole mpaka mahali panapohusika, akapatazama kwa muda.

"Ndiyo iliyokuwa kichwani kwangu?"

"Ndiyo, bibi."

Zuhura akaanza kucheka pale kitandani, akacheka mpaka nikaogopa damu, nikamshika tumbo nikimwomba anyamaze. Bibi Mwanaidi hakucheka. Alikwenda nje akamwaga maji yaliyobaki, akajimwagia mengine kichwani, akasema kwa sauti ya majirani wote: "Mjukuu wangu ameogeshwa maji yaliyopitia makalio ya nesi!" Kisha ndipo na yeye akaketi chini akacheka, akalia, akacheka tena. Habari ilifika Ruangwa kabla yangu. Bi Somoe akapitisha sheria kituoni: ngata nyeupe ni ya maji, nyekundu ni ya siti. Ruangwa nzima wanajua. Nachingwea, kumbe, hawakuambiwa.

Vifaa vingine nitavitaja kwa haraka, maana Agnesi ameamka. Gurudumu la nyuma lifungwe wavu wa nyuzi za katani kila upande, kutoka kwenye madigadi hadi kwenye ekseli, la sivyo kanga yako itaingia kwenye spoku na utafika kwa mzazi uko uchi. Mkoba wa uzazi ulaze kwenye keria, usiusimamishe, na uufunge kwa mipira ya tyubu, kwa kuwa kamba hulegea. Usiutundike kwenye usukani hata siku moja. Ndani ya tairi weka mkanda wa tairi kuukuu kwa ajili ya miiba. Pampu usiiache kwenye baiskeli, lala nayo. Usukani unyanyueni uwe juu kidogo ya siti, mgongo utawashukuru. Mwenye mimba ashushe siti kidogo na kunyanyua usukani zaidi, na tumbo likianza kugusa magoti ashuke, ateremke kabisa, akae kwake. Mimi nilifanya hivyo. Baiskeli ikachukuliwa kwenda Nachingwea kukaguliwa, na ngata yangu ikiwa juu yake.

Na huko ndiko ilikofikwa na makubwa. Nimekuja kuelezwa baadaye kilichotokea. Alikuwa anakuja mgeni mkubwa kukagua vifaa. Baiskeli za wakunga wa wilaya zikapangwa mstari uwanjani, na siti zikaonekana moja juu, moja chini, nyingine katikati, kila mmoja wetu amejipimia mwili wake. Bwana Stoo akaona mstari umepinda. Kwa hiyo akaunyoosha kwa mguu wake. Akavua vitambaa vyote vya kukalia, ngata yangu ikiwamo, akazipiga rangi nati zote. Mgeni alipita, nasikia, wala hakugeuza shingo. Rangi ikabaki.

Nilimwachia kazi, lakini sikumwachia maneno. Juma hilo hilo nilikwenda kwa Mganga wa Wilaya, nikamkabidhi malalamiko yangu mkononi mwake, nikasimama hapo mpaka alipoanza kuyasoma. Nayanakili hapa kama yalivyo.

*Kwa Bwana Mganga wa Wilaya, Nachingwea.*

*Bwana,*

*Mimi niliyekuwa nesi mkunga wa kituo cha Ruangwa nashitaki rasmi namna baiskeli za wakunga zinavyotunzwa. Siti zake zimewekwa kwa kipimo cha mguu wa Mtunza Vifaa, na nati zimepakwa rangi ili tusizishushe. Mtunza Vifaa hatumwi kwenda kuzalisha Nkowe wala Mandawa. Sisi ndio tunaotumwa.*

*Nilipomweleza kwamba nimetoka kujifungua na sitaweza kukaa juu ya siti hiyo, alinijibu mbele ya watu kwamba naye ana watoto sita na anapanda baiskeli. Nakuomba, Bwana, umkumbushe kwamba katika hao sita hakumzaa hata mmoja.*

*Sikuleta jambo hili kwa sababu ya kudeka. Yuko mtoto wa kiume Nkowe aliyezikwa kwa sababu nilifika kwa kusukuma baiskeli niliyopaswa kuipanda. Yuko dada yake anayetambaa sasa kwa sababu mara ya pili niliipanda. Kati ya watoto hao wawili mikono yangu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni siti.*

*Siombi kurudishwa kazini. Naomba rangi ikwanguliwe kwenye nati zote kabla wasichana wapya hawajafika, kila mmoja apewe spana yake, na kila mmoja apimiwe siti kwa mguu wake mwenyewe.*

*Mwisho naomba nirudishiwe ngata yangu nyekundu, ambayo Mtunza Vifaa aliivua kwenye siti yangu na sasa ameikalishia mtungi wa maji ya kunywa ofisini kwake. Ngata hiyo niliikalia tangu siku iliposhonwa, jua na mvua, na haijafuliwa tangu safari yangu ya mwisho ya Mandawa. Nimeona ni wajibu wangu kukuarifu, Bwana, kwa kuwa nasikia kila ukienda stoo hukaribishwa maji.*

*Ni mimi,*
*Mama Agnesi, Ruangwa.*